Ukuta wa Bafu la Awino

Vigae vilianguka Jumapili asubuhi, Awino akioga ili aende kanisani. Vilibanduka vitatu kwa pamoja kutoka sehemu ya juu ya ukuta, na kimoja kikashuka kwa ncha, kikampasua mguu wa kushoto juu kidogo ya vidole. Aliita mara moja tu. Mumewe Mwangi alipofika mlangoni alimkuta ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, ameushika mguu kwa mikono miwili, na damu inachanganyika na povu la sabuni sakafuni.

Walikuwa Wakenya, wamepanga nyumba Mangateen, jijini Juba. Mwangi alifundisha hisabati katika shule moja ya kibinafsi, na Awino alisimamia usafi wa vyumba katika hoteli ya huko Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Binti yao wa pekee, Magdaline, alikuwa amebaki Nakuru akisoma chuo. Awino alikuwa na kisukari, na alikuwa amekidhibiti kwa miaka mingi hata wenzake hotelini hawakujua. Asubuhi ile alikifunga kidonda kwa kitambaa safi, akavaa ndala, wakaenda kanisani wakiwa wamechelewa.

Kidonda hakikupona. Awino alikwenda zahanati kikaoshwa, akabadilishiwa dawa, akarudi kazini akichechemea. Mvua zikakolea, barabara ikawa tope tupu, na kila jioni alifika nyumbani bendeji imelowa. Kisha vidole viwili vikageuka rangi. Kufikia siku aliyolazwa, harufu ilikuwa imeingia kwenye mashuka. Mguu ulikatwa chini ya goti. Alipozinduka, Awino aliuliza ulikuwa umepelekwa wapi. Muuguzi alimwambia apumzike. Akamuuliza Mwangi, na Mwangi naye hakujua.

Watu walikuja kuwapa pole, na wote walisema ni ajali, hayo ni mapenzi ya Mungu. Dau, mwenye nyumba, alikaa nao kitambo bila kunywa chai aliyopewa, akampa mwalimu pole kwa Kiarabu cha Juba, "Malesh, ustaz. Malesh sana." Mwangi aliwashukuru wote akitazama chini, kwa sababu vigae vile alivibandika yeye mwenyewe.

Alivibandika likizo moja, karibu miaka miwili nyuma. Kuta za bafu zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, yenye kung'aa, na Awino alisimama mlangoni akamuuliza kama rangi ile haikupaswa kukwanguliwa kwanza. Mwangi akamwambia gundi aliyonunua inashika hata kioo. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa, na jua lilikuwa kali. Alipangusa utando wa buibui, akapitisha kitambaa chenye maji, akaanza kubandika. Bafu lilipendeza. Awino aliwaonyesha akina mama wa kanisani kwa fahari, naye Mwangi akajiona fundi.

Awino aliporudi kutoka hospitali hakuweza kuingia bafuni. Mlango ulikuwa mwembamba kwa kiti cha magurudumu, sakafu ilikuwa ya kuteleza, na vigae vilivyosalia vilikuwa bado vinaning'inia juu. Basi aliogeshwa chumbani, juu ya karatasi ya nailoni, kwa beseni. Mwanamke jirani, Achol, aliyekulia Nakuru wakati wa vita na kurudi Juba akiwa mama wa watoto, ndiye aliyekuja kila asubuhi kumwogesha. Awino hakulalamika. Lakini yeye, aliyekuwa amewafundisha wasichana wengi namna ya kuacha bafu la mgeni bila hata unywele mmoja, aligeuza uso ukutani kila Achol alipokamua kitambaa.

Shule ilipofungwa, Mwangi alianza kazi. Magdaline alikuwa amepiga simu akamsihi atafute fundi, na Dau alijitolea kuleta mmoja. Mwangi akakataa. Alisema kazi hii ataifanya mwenyewe, na safari hii ataifanya inavyopaswa.

Alianza kwa kuvitoa vigae vya zamani. Alikuwa amejiandaa kwa nyundo na tindo, lakini vingi vilitoka kwa mkono. Alipokigeuza cha kwanza alikuta gundi yote iko mgongoni mwa kigae, na juu ya gundi, ngozi nyembamba ya rangi ya kijani. Gundi ilikuwa imeshika vizuri sana. Ni rangi ndiyo iliyouacha ukuta. Akageuza kingine, na kingine, vyote vilikuwa vile vile. Aliketi chini akakaa navyo mapajani mpaka Achol, aliyekuwa akimwaga maji uani, akamuuliza kama anaumwa.

Baada ya hapo akakwangua. Alikwangua rangi yote, kutoka dari hadi sakafu, mpaka viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, akavifunga akaendelea. Kisha akaugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kiganja kwa kiganja, akisikiliza. Palipolia kama debe tupu alipapiga alama ya makaa, akapachimba mpaka kwenye tofali. Pembeni mwa bomba alikuta plasta laini kama uji. Bomba lilikuwa likivuja ndani ya ukuta, pengine tangu kabla hawajahamia. Akalifukua, akaweka jipya, akaliacha wazi ili tofali zikauke. Tofali hazikukauka upesi. Ilikuwa bado masika ya Juba, nguo zenyewe zilikaa kwenye kamba mpaka zikanuka.

Alikwenda kununua saruji na dawa ya kuzuia maji kwa Abdiwahab, Msomali wa Garissa aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, yule yule aliyemuuzia vigae. Abdiwahab alimuuliza hali ya mama, akamwambia plasta mpya ainyweshe maji ili isipasuke, kisha aiache ikauke kabisa kabla ya kupaka dawa. Alimfungia mizigo, akamsindikiza mpaka kwenye bodaboda, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Mwangi akapiga plasta. Akaipima kwa ubao na pimamaji, akaona imebonyea kidogo kwenye kona. Akaibomoa, akapiga tena. Likizo ikaisha, akawa anaingia bafuni akitoka shule, bila kubadili hata suruali. Alikula akiwa amesimama. Usiku mikono ilimuuma, na alilala kwenye kochi ili asimwamshe Awino. Alipoulizwa ni lini kazi itakwisha, jibu lilikuwa moja: ukuta haujakauka.

Alasiri moja Achol alimngoja langoni. Alimwambia mwalimu amsamehe, ila anataka kusema jambo. Mama Magda hali chakula vizuri, alisema, na leo amekataa kuogeshwa. Haulizi habari za vigae. Anachotaka ni kuoga peke yake, amefunga mlango. Mwangi akaitikia, akamshukuru, akapita moja kwa moja hadi bafuni kuugusa ukuta kwa kiganja.

Awino alimfuata huko. Alijisukuma kwenye kiti chake mpaka kiti kikakwama mlangoni, akakaa akimtazama mumewe anayesugua kona kwa jiwe.

"Baba Magda, weka hicho kitu chini."

Akaweka.

"Unauguza ukuta," Awino alisema. "Mimi niko hapa."

Mwangi alianza kueleza kuhusu unyevu, kwamba ukibandika juu ya unyevu ni bure. Awino alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Nilikuuliza kuhusu ile rangi," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia itashika."

Mwangi alitazama mikono yake. "Nilijua haitashika. Abdiwahab alikuwa ameniambia siku ile ile, kwamba rangi ya mafuta ni lazima itoke. Nilijua. Sikutaka tu kukwangua."

Awino hakulia wala hakumtukana. Aliuegemeza mgongo kwenye kiti, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyebebeshwa mzigo mwingine kabla hajautua ule wa kwanza.

"Ungeniambia hospitalini," alisema hatimaye. "Nililala pale nikifikiri ni mimi. Kwamba niliupuuza mguu wangu kwa sababu ya kazi ya hoteli."

Hapo ndipo Mwangi alipoinama akashika ukingo wa beseni la kuchanganyia saruji, akalia. Awino hakumgusa. Alingoja amalize, kisha akamwambia kwamba hataki vigae. Hataki kuoga tena chini ya kitu kilichobandikwa. Apanue mlango, aweke chuma cha kushikilia, apake hiyo dawa, aache hapo.

Mwangi akafanya alivyoambiwa. Alibomoa ubavu wa mlango, akafunga vyuma viwili kwa misumari mirefu iliyoingia hadi kwenye tofali, akaning'inia kwa uzito wake wote kuvijaribu. Plasta ilipokauka alipaka dawa ya kuzuia maji, kwanza kwenye kona na kuzunguka bomba, kisha ukuta wote, akarudia mara ya pili. Ukuta ukabaki wa kijivu, mtupu, laini. Kila alipougonga ulijibu kwa sauti moja nzito.

Siku Awino alipooga humo mara ya kwanza, alijihamisha mwenyewe kutoka kiti cha magurudumu hadi kwenye kiti cha plastiki. Ilimchukua muda. Mwangi alisimama karibu, mikono tayari, akaambiwa atoke na afunge mlango. Alikaa nje kwenye kigoda. Alisikia maji, kisha kimya, kisha maji tena. Hakuitwa.

Awino alimaliza, akatoka amevaa, nywele zimelowa. Akamwambia maji yalikuwa ya baridi na kwamba kesho ayachemshe. Jioni ile walikula pamoja mezani, na ndipo akamweleza uamuzi wake. Magdaline angekuja Desemba, na yeye Awino angerudi naye Kenya. Hoteli ilikuwa imeshamweka mtu mwingine, na mguu wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi usiku. Mwangi akasema ataacha shule waende wote. Awino akatikisa kichwa.

"Baki kwanza," alisema. "Sijui kama nimekukasirikia au nimechoka tu. Niache nijue nikiwa mbali."

Desemba Mwangi alizikunja nguo za mkewe, akamfungia dawa kwenye mfuko wa mkononi, akamsukuma mwenyewe hadi kwenye mlango wa ukaguzi pale uwanja wa ndege, mahali ambapo wasio na tiketi hawapiti. Awino alimwambia ale vizuri, na asilale kwenye kochi. Alimpa mkono. Kisha Magdaline akashika kiti, wakaingia.

Mwangi alipofika nyumbani alimkuta Dau langoni, amekuja kuangalia ile kazi. Dau aliingia bafuni, akaupapasa ukuta, akausifu, akauliza ustaz atabandika vigae lini sasa. Mwangi alimwambia havibandikwi. Dau akangoja asikie sababu, na alipoona haiji, akaaga.