Mwalimu Kasema Nzuri

"Hajambo nini, shemeji? Mwezi mzima sijamsikia mwalimu akiimba huko ndani," Mama Pacha akasema.

"Mimi nimemuuliza leo asubuhi, kasema hajambo."

"Hata mgonjwa hoi kitandani atakwambia sijambo, ila homa tu."

Mama Pacha na fundi cherehani walikuwa wakibishana mlangoni kwa jirani yao, mwalimu wa darasa la kwanza. Mwalimu mwenyewe alisimama katikati yao akitabasamu kwa aibu, na dada mtafiti aliyekuja kupima hali za walimu alishaanza kufunga mkoba. Shule yenye walimu waliochoka ingepewa msaidizi. Lakini mwalimu kila alichoulizwa alijibu nzuri.

"Mwanangu, unaondoka mapema," Mama Pacha akamwambia mtafiti. "Kwetu nzuri ni kubisha hodi tu. Muulize tena, halafu unyamaze."

Mtafiti akaweka mkoba chini. "Habari za darasani, mwalimu?"

"Nzuri."

Fundi alitaka kuchangia, Mama Pacha akamkanyaga mguu.

"Nzuri," mwalimu akarudia taratibu, "ila watoto ni tisini, dada. Nikirudi nyumbani sauti imekwisha. Hata wimbo wa kuoshea vyombo sina." Akacheka, huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mtafiti akatoa kalamu upya.

"Hayo hayasemwi kwa njaa," Mama Pacha akasema. "Twendeni kwangu, chakula kiko mezani."

"Na mimi?" fundi akauliza.

"Wewe si ulisema hajambo? Haya, ingia, unawe mikono."