Kivuli cha Mzee Mwinyimvua

Saa tatu asubuhi, nyumbani Magomeni, Shamsa alikuwa anampulizia baba yake uji wa ulezi upoe. Mzee akasema, "Bodaboda," akakunja uso kidogo, akanywa funda moja. "Kirikuu ya mizigo." Akanywa la pili. Halafu akashika ubao wa kitanda, jasho likamchuruzika, na Shamsa akausogeza uji pembeni maana hali hiyo alishaizoea.

"Gari la umeme, baba?"

"La umeme. Hayo mazito, mwanangu. Yamebeba betri."

Magari yenyewe hayakuwa Magomeni. Yalikuwa Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, yanapita juu ya kivuli cha Mzee Mwinyimvua, kilichobaki kwenye lami siku aliyogongwa.

Mzee alikuwa amesukuma mkokoteni Kariakoo miaka thelathini na moja. Sasa mkokoteni ukishapangwa marobota ya vitenge, mbele huoni na nyuma hugeuki, kwa hiyo wasukuma mkokoteni wanaendeshea masikio. Lori likikohoa, unasubiri lipite. Bajaji ikilia, unabana. Siku hiyo mzee alisikiliza, akasikia kweupe, akakata kona. Kumbe gari jipya la umeme la Bhavin, mwenye duka la vitenge, limeshafika. Halikuwa na mwendo mkali. Halikuwa na sauti tu.

Wenzake wakakata matawi ya mwarobaini wakayatandaza barabarani ili magari yajue kuna mtu kalala, wakambeba mzee wakampakia kwenye bajaji. Kivuli hakikuinuka. Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, mguu wa kushoto, wakaandika kwenye cheti "mgonjwa hana kivuli," wakamwambia Shamsa mfupa ukikaa siku arobaini bila kukanyagwa utaunga. Usipounga, mguu unakatwa.

Na mzee hakuwa peke yake pale chini. Zamani masizi ya malori yalikuwa yameifunika lami, huoni kitu. Mtaa ulipojaa magari ya umeme, masika yakaiosha barabara na vivuli vikatokea vyote: mwenye beseni la ndizi, mtoto na begi la shule, mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hewa ilikuwa safi jamani, wauza maji hata kukohoa wameacha. Watu waliviruka wakiwahi mizigo. Machinga mmoja aliona mwenye beseni amelala pazuri, akamtandikia turubai akapanga viatu vya mtumba.

Shamsa, mwaka wa pili chuo na habari haikai tumboni mwake hata dakika, alienda moja kwa moja dukani kwa Bhavin.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, binti. Mzee anaendeleaje?"

"Kifua kimepona kabisa. Hakohoi tena."

"Si unaona!" Bhavin akapiga makofi. "Nilisema mimi! Watu walinicheka hapa, eti Bhavin kanunua pasi yenye matairi. Moshi hata chembe!"

"Ila gari linampita mgongoni, bosi. Mara nane kwa siku. Mguu hauungi."

Bhavin akatoka mlangoni akakitazama kivuli. Kilikuwa kimelala kifudifudi, mikono imeshika mpini ambao haupo.

"Kweli, hapo ndo mgongoni," akasema. "Pole sana. Sasa nipite wapi?"

"Zunguka mtaa wa nyuma."

"Mtaa wa nyuma wamelala watatu, binti. Mmoja namjua, alikuwa ananiletea chapati."

Basi Shamsa akaenda ofisi inayoshughulika na barabara. Akampata Gaudens, kijana mpole, tai imekaa vizuri.

"Unataka tuta?"

"Tuta litakaa juu yake, kaka. Nataka magari yasipite hapo. Basi."

"Andika barua. Na hilo neno, yasipite, liandike vizuri."

Shamsa akaandika barua ya chuo hasa, yenye "eneo tajwa" na "kwa heshima na taadhima." Akaambatanisha picha ya kivuli. Gaudens akagonga muhuri.

Siku ya ishirini na mbili wakampigia simu kuwa ombi limekubaliwa. Alikimbia kutoka kituoni mpaka Mkunguni, kandambili moja ikakatika, akaendelea na moja. Rangi ilikuwa bado mbichi. Walikuwa wamechora mistari minne myeupe kukizunguka kivuli, wakasimika nguzo yenye waya, na kibao: MAEGESHO YA KUCHAJIA, MAGARI YA UMEME TU. Ndani ya mistari limeegeshwa gari la Bhavin, linachaji.

"Umeona?" Gaudens akasema, amefurahi kweli. "Hapo hapapiti kitu tena."

Ilikuwa vilevile barua ilivyosema. Shamsa akapiga simu nyumbani.

"Baba, unajisikiaje?"

Alisikia pumzi tu, fupifupi, kama ya mtu aliyelaliwa.

"Leo halipiti," mzee akasema mwishowe. "Limekaa."

Shamsa akamgeukia Bhavin. "Linatoka saa ngapi?"

"Likijaa. Saa kumi na mbili jioni hivi."

Saa kumi na mbili na robo, Magomeni, Mzee Mwinyimvua alivuta pumzi mpaka mwisho, akaomba chai. Dirisha lilikuwa wazi. Akasema hewa ya siku hizi tamu, zamani saa hizi ungekuwa unatema masizi.

Shamsa akaandika barua ya pili. Akaambiwa eneo tajwa limeshashughulikiwa.

Siku ya arobaini na moja mguu ulikatwa, juu kidogo ya goti. Mzee sasa anakula usiku tu, maana mchana tumbo halina nafasi. Kivuli bado kina miguu yote miwili, na kila asubuhi saa moja Bhavin anaingiza gari hapo kwa uangalifu, haguzi mstari.