Kijiji Kilichoficha Chumvi

Siku shemeji yangu Sulle aliporudishwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, alirudi kijijini kwetu Tlawi amenuna hata mbwa wake hakumsogelea. Alikuwa amekwenda mjini Mbulu kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa, na la kushoto lilikuwa linaona ukungu tu na vivuli vinavyotembea ndani yake. Madaktari wa macho, wale wanaokuja kwa msimu na kuondoka, walimpima presha kwanza, wakatazamana, wakamwambia avae koti lake. Kwa presha ya namna ile hawagusi jicho la mtu. Ameze vidonge, apunguze chumvi na mafuta, nao watarudi baada ya mavuno. Wakikuta imeshuka, watamfanyia. Wasipokuta hivyo, jicho la kushoto nalo lilikuwa njiani kufunga.

Lazima niseme kwa nini jambo hilo lilimuuma kuliko lingemuuma mtu mwingine. Sulle ndiye alikuwa mgawaji wetu wa nyama. Kwenye harusi, ng'ombe akishachunwa, ni yeye aliyejua kidari ni cha nani, mbavu zinakwenda wapi, na nyama gani haiguswi mpaka mjomba wa bibi harusi afike. Mwaka jana, kwa macho yale, akamkabidhi dereva wa gari la kukodi nyama ya mjomba. Dereva akala, akashukuru, akaomba na ya kufungiwa. Mjomba aliondoka bila kuaga, na kisu kikahamia kwa mtu mwingine. Tangu hapo Sulle akawa anakalishwa na wageni wa mbali, anapewa soda. Na binti yake wa mwisho, Jenifa, alikuwa anaolewa Desemba. Baba mtu alitaka kuigawa nyama ya harusi ile kwa mkono wake mwenyewe, na alipokuwa ananiambia hivyo, alilia.

Mimi ni Tekla. Nyumba yangu iko chini ya yao, tumetenganishwa na shamba la maharage. Marehemu mume wangu na Sulle walikuwa ndugu wa ukoo mmoja, kwa hiyo ni shemeji yangu na ninayo haki ya kumtania. Yote ninayosema hapa nimeshayasema mbele yake.

Mkewe, Efrazia, ambaye sote tunamwita Mama Yonas, ni mwanamke wa amri. Aliambiwa apunguze chumvi, yeye akaiondoa. Aliambiwa apunguze mafuta, akayafungia kabatini na ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na rozari. Mboga za majani zikawa zinachemshwa kwenye maji matupu, maharage hivyo hivyo, tena kwa hasira, utadhani maharage ndiyo yaliyomtukana. Nilionja mlenda wake siku moja. Nimewahi kumeza dawa ya minyoo yenye ladha kuliko mlenda ule.

Sulle alivumilia kidogo, kisha akakumbuka kwamba ana majirani.

Kwetu mtu akiingia nyumbani na chakula kipo, anakula. Hatumwulizi kama ameshiba. Ukimwacha aondoke hivi hivi utasemwa mpaka kanisani. Na mgeni naye ana adabu yake: anakula alichopakuliwa, na haombi chumvi. Kuomba chumvi ni kumwambia mama mwenye nyumba, mbele ya watoto wake, kwamba hajui kupika. Hata mlevi wa huku kwetu hafanyi hivyo.

Basi Sulle akaanza kutembea. Njia zote alizijua kwa miguu, na pua yake haikuwa na ugonjwa wowote. Asubuhi yuko kwa Hhando, amekwenda kumpa pole ya mafua. Mchana yuko Daudi, kijiji cha jirani, anaulizia mbegu za viazi. Jioni yuko kwangu, amekuja kumwona ng'ombe wangu mgonjwa. Ng'ombe wangu hakuwa mgonjwa, na alichosimama akakisikitikia siku ile lilikuwa pipa la maji. Nikamwacha amalize, nikampakulia makande.

Efrazia hakuchelewa kugundua. Mwanaume anayelalamikia chakula kila siku huku vifungo vya shati vinakaza, ana jambo. Akashuka shamba la maharage akanikuta napepeta mahindi.

"Tekla, huyu mwanaume anakula wapi?"

"Sijui, Mama Yonas."

"Ndevu zake zinanuka kitunguu. Jiko lako linanuka kitunguu hicho hicho."

Nikaweka ungo chini. Kwa jinsi alivyonikazia macho, niliona heri kusema kweli kabla hajafikiria mambo mengine.

"Anakula hapa. Na kwa Hhando, na Daudi kule. Tufanye nini, tumfukuze?"

"Msimfukuze," akasema. "Mpikieni. Ila msitie chumvi."

"Akiomba?"

"Ataomba vipi? Amelelewa."

Niliipenda akili ile, sitasema uongo. Kesho yake Efrazia akajifunga kitenge kizuri, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kufunga njama. Wanawake walifurahi kuliko siku ya sikukuu. Kila alipoingia alivutiwa kiti, akapakuliwa. Mama Hhando alimchinjia kuku akamkaanga. Kule Daudi walimpa makande yenye siagi inayoelea juu. Mimi nilimkaangia nyama ya nguruwe, kwa sababu mipango mikubwa haipangwi kwa uji. Na kwa vile Efrazia haamini mtu, alirudi tena na tena kukagua kama agizo lake linafuatwa.

Mama Hhando alinisimulia siku ya kwanza ilivyokuwa. Sulle alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna, akaendelea. Akageuza uso kulia na kushoto, akitafuta kibakuli cha chumvi kwa jicho lisiloona. Mwisho akasema, "Asante mama, chakula ni kitamu," akamaliza sahani yote jasho likimtoka. Akaenda Daudi, akakuta hali ni ile ile. Akaenda kwa katekista. Hali ni ile ile.

Jioni moja akaja kwangu amechoka.

"Shemeji, hivi chumvi imeadimika nchini?"

"Sijasikia."

"Basi wanawake wa siku hizi wamesahau kupika. Wote kwa pamoja. Nimesikitika sana."

Mimi sina moyo wa Efrazia. Agizo la chumvi nililifuata, lakini hakuna aliyeniambia nifiche ndimu. Nikakaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, taratibu, mpaka kikawa cha kahawia. Nikaweka kitunguu swaumu, nyanya zilizoiva kweli, halafu mnafu, halafu karanga nilizotwanga. Mwisho nikatupia giligilani na nikakamua ndimu juu yake. Sulle akala bila kuinua uso. Alipofika chini ya sahani alianza kuikwangua kwa kidole.

"Hapa!" akasema. "Hapa ndipo palipobaki na chumvi!"

Bahati mbaya maneno hayo alikwenda kuyarudia kwa mkewe. Efrazia alishuka lile shamba bila kutafuta njia, akakanyaga maharage yake mwenyewe.

"Umetia chumvi, Tekla! Unataka awe kipofu!"

"Onja."

Akaonja. Akaonja tena. Kisha akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe huku nikamsikia anaongea kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nampikia vibaya, siyo?"

"Ulikuwa unamwadhibu."

"Niliogopa," akasema. "Nikiogopa napika hivyo."

Akaniomba nimfundishe, nami nikamfundisha. Tangu siku hiyo Sulle akaanza kuonekana mezani kwake. Lakini tumaini moja lilikuwa limembakia. Uwandani Hanang ana rafiki mfugaji, Mbarabaig anayeitwa Gidahosh, anayemlelea ng'ombe wawili, kama wazee wetu walivyofanya, ili ugonjwa ukipiga boma moja usimalize mali yote ya mtu. Sulle akapanda basi kwenda kuwaangalia ng'ombe hao, yeye ambaye asingewatofautisha na kichuguu. Tulijua anafuata nyama choma.

Alirudi anatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

"Kumbe mnanifanyia njama," akaniambia.

"Nani?"

"Wote. Gidahosh hawezi kunidanganya, ng'ombe wangu wako zizini kwake. Mama Yonas alimpigia simu. Alimwambia akinipa chumvi atakuja mwenyewe kuchukua wale ng'ombe na atachukua na wa kwake."

Nikajiandaa kutukanwa. Badala yake akauliza, kwa upole wa kutia wasiwasi, "Mke wangu alikwenda nyumba zote hizi kwa miguu?"

"Zote."

"Na kila nyumba alikaa?"

"Utaingiaje nyumba ya mtu usikae?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuelewa anachocheka, nikadhani ni njaa.

Baada ya mavuno madaktari walirudi, tukaenda watatu, mimi nikiwa nimebeba mfuko wa nguo. Muuguzi alikuwa kijana mpole, Modest jina lake. Akatupa shikamoo mmoja mmoja, akamfunga Sulle kile kitambaa mkononi. Mashine ikanguruma, ikapumua.

"Imeshuka vizuri, mzee. Leo unafanyiwa."

Efrazia alisema "Bwana asifiwe" kwa sauti iliyowageuza watu wote wa foleni. Sulle hakuinuka kwenye kiti.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa mpime na huyu mama."

"Mimi siumwi," akasema Efrazia.

"Mpime. Mimi nimefunga chumvi, lakini kuna mtu amezunguka kijiji kizima anakula kwa niaba yangu. Nataka nijue ilikwenda wapi."

Modest akacheka, akamfunga kitambaa. Sulle alikuwa ameshaanza kucheka mapema, mabega yakimtikisika. Mashine ikanguruma. Modest akaitazama, akakifungua kitambaa, akakifunga mkono wa pili. Akapima tena. Hakuwa anacheka tena.

"Mama, kaa hapo hapo kwanza. Usiinuke. Kichwa hakiumi?"

"Kinauma kidogo. Ni jua."

"Tangu lini?"

Efrazia akashika rozari yake. Nami hapo ndipo nilipowaona wote wakipita mbele yangu: kuku wa Mama Hhando, siagi ya Daudi, nguruwe wangu mimi mwenyewe. Kila nyumba ilimnyima mume ikamjazia mke, na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba yule aliyeleta agizo naye ana mishipa.

"Imezidi ile yangu ya kwanza?" Sulle akauliza.

"Imezidi, mzee."

Kicheko kikamkauka. Akanyoosha mkono kumtafuta mkewe, akashika mfuko wa nguo, akaurusha pembeni, akatafuta tena mpaka akampata.

"Nilitaka tucheke tu, Mama Yonas," akasema. "Wallahi nilitaka tucheke tu."

Aliapa kiislamu pale pale na rozari ya mkewe mbele yake, ndipo nikajua ameogopa kweli. Niliogopa na mimi. Efrazia peke yake ndiye alikuwa anatuambia tusipige kelele hospitalini.

Yeye alipewa vidonge na maneno yale yale tuliyoyajua kwa moyo. Sulle alifanyiwa jicho la kulia. Kesho yake walipoondoa bandeji, alipepesa, akatulia, akamtazama mkewe kwa muda mrefu sana.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe umezeeka," akajibu Efrazia, wakashikana mikono mbele za watu, jambo ambalo huku kwetu halifanywi.

Tukarudi Tlawi. Kisu cha kugawia nyama kilirudishwa kwa mwenyewe wiki ile ile, tayari kwa harusi ya Jenifa. Lakini mwanamke wa amri ni wa amri kwa wengine. Haikupita muda, nikiwa nimejikaangia nguruwe wangu, na chumvi yangu ndani, akatokea Efrazia mlangoni. Akavua viatu, akaketi, akasema amekuja kunisalimia. Ningefanyaje? Nilipakua kilichokuwepo.

"Kipande kimoja," akasema. "Hakuna atakayejua."

Hajakifikisha mdomoni tukasikia sauti upande wa pili wa bonde. Nikachungulia. Sulle alikuwa amesimama nje ya uzio wa Hhando. Hakuingia, maana akiingia angepakuliwa. Alikuwa anapiga kelele kutoka njiani.

"Mama Hhando! Mke wangu akija hapa, msimpe chumvi! Wala mafuta! Ni mgonjwa!"

Akaenda nyumba inayofuata, akasimama nje, akapiga kelele zile zile. Kilima chote kikawa kinasikiliza. Watu waliacha majembe.

"Ananiaibisha," Efrazia akasema. Kipande bado kilikuwa mkononi.

Sauti ikasogea, ikavuka shamba la maharage, ikafika kwenye uzio wangu.

"Tekla! Usinidanganye kwamba hayupo. Viatu vyake naviona hapo mlangoni, vya bluu." Akavuta pumzi. Alipoendelea hakuwa anapiga kelele tena. "Mwambie aiache hiyo nyama, shemeji. Nimeanza kumwona juzi tu. Bado sijamaliza kumwangalia."

Efrazia alikitazama kile kipande. Machozi yalimtoka, na alikuwa anacheka pia. Akakirudisha kwenye sahani, akanawa mikono, akatoka nje bila kuaga.