Chumba Kisichotikisika

Mama yangu hapendi kelele. Kijiko kikigonga kikombe, atakutazama mpaka ujute kuzaliwa na mikono. Baba aliporudi kutoka hospitali na ile pampu kando ya kitanda, Mama alifunga madirisha, akazima feni, akapiga marufuku wageni na kuitoa simu yake sauti. Mimi nikamsifu. Ningejua, ningewaletea ngoma mwenyewe.

Pampu ilimpa Baba dawa ya moyo, polepole, kupitia mrija mwembamba. Kifuani alibandikwa kipimo kidogo kilichohesabu mapigo na kuyatuma bila waya, ili pampu ijue iongeze dawa au ipunguze. Vyote viwili vilitengenezwa kwenye karakana yetu, na kazi yangu pale ni kuhakikisha pampu haidanganywi. Hewa haina mlango. Ukituma neno kwa mawimbi, yeyote aliye karibu anaweza kulidaka, na mwenye nia mbaya anaweza kutuma la kwake akijifanya ndiye kipimo. Wiki iliyotangulia mtu tusiyemjua alijaribu hivyo hivyo kutoka nje ya jengo la wazazi wangu. Pampu ilimkataa, nami nikatembea kifua mbele.

Siri yetu ilikuwa chumba chenyewe. Mawimbi yakitoka kwenye kipimo hugonga ukuta, kabati, mtu anayepita, ndipo yafike kwenye pampu. Mtu akisogea njia yao inabadilika, na vifaa vyote viwili vinasikia badiliko lile lile. Aliye nje ya ukuta anasikia jingine. Kutokana na mabadiliko hayo vifaa vilijitungia ufunguo wa siri wa kutambuana, vikautumia kwa muda, vikautupa na kutunga mwingine. Tuliujaribu ujanja huo karakanani kwa miezi na haukutuangusha. Lakini karakana yetu watu hawatulii: huyu anafuata chai, yule anatafuta bisibisi aliyoiweka sikioni, wawili wanabishania mpira kwa mikono. Hakuna aliyefikiria chumba ambamo hapiti mtu.

Asubuhi ile nilikuwa nachomelea waya simu yangu ilipoleta ujumbe kutoka kwenye pampu. Ufunguo umeisha muda. Chumba hakitikisiki. Dawa imesimama.

Nikafungua picha ya mawimbi. Siku zote ni mstari unaochezacheza. Sasa ulikuwa umelala. Mstari uliolala una maana mbili: ama hakuna anayepita chumbani, ama hata aliye kitandani hatikisiki. Mapigo yenyewe sikuweza kuyaona, maana pampu ilikuwa imeacha kuyapokea. Daktari alishatuambia kwamba dawa ikikatika, moyo wa Baba unaweza kuvumilia nusu saa. Nikampigia Mama. Nikampigia tena. Simu ikaita bure.

"Fungua kufuli," alisema bosi wetu, tunayemwita Kamusi kwa sababu hakuna neno lisilo na jibu kwake. "Iruhusu pampu ipokee bila ufunguo. Unaweza kufanya hivyo ukiwa hapa hapa."

"Na yule wa wiki iliyopita?"

"Huenda leo hayupo."

"Huenda," nikasema.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikibonyeza, mtu aliye nje anaweza kuiambia pampu imwage dawa yote, nayo itatii. Nisipobonyeza, moyo wa Baba umeachwa peke yake. Nilimchukia Kamusi, nikaichukia na akili yangu iliyotunga kufuli ile.

Ndipo nikamkumbuka Redio. Ni kinyozi wa chini ya jengo lao, rafiki wa Baba tangu ujanani, na mdomo wake hauna breki. Alikuwa wa kwanza kufukuzwa na Mama. Nikampigia.

"Baba mdogo, panda kwa Baba sasa hivi. Ingia chumbani utembee. Usikate simu."

"Nitembee tu?"

"Utembee. Nenda, tafadhali."

Nikazisikia ngazi, pumzi zake, kisha mlango na mnong'ono wa Mama.

"Amelala. Rudi kesho."

"Shemeji, nimetumwa na mwanao nije nitembee."

"Utembee? Hapa ni uwanja?"

"Mama!" nikaita kwenye simu. "Mpishe. Dawa imesimama."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliungojea mshindo huo nikiwa nimeuma kola ya shati. Halafu mstari ukaruka. Ukaruka tena. Redio alikuwa amefika chumbani, anazunguka kitanda akipunga taulo la kinyozi na kusimulia habari za mteja aliyesinzia akanyolewa nyusi. Kila mkono wake ulipokwenda, mstari ulikwenda. Pampu ikaandika: ufunguo mpya. Dawa inaendelea. Mapigo yakatokea, dhaifu, lakini yapo. Nikalia mbele ya Kamusi wala sikuona haya.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, kiganjani ana donge la pamba. Kwa pamba hiyo alikuwa ameziba tundu la king'ora cha pampu. Ndiyo maana hakusikia kitu.

"Nilitaka apumzike," alisema.

"Umenipumzisha vya kutosha, mke wangu," Baba akasema kwa sauti ndogo. "Mpaka mashine ikadhani nimeshaondoka."

Mama alichukua ufagio, akaanza kufagia sakafu isiyo na hata unywele.

Kamusi ameapa kurekebisha kasoro ile. Mpaka hapo tunashika zamu: Mama anafagia, Redio anahadithia, nami jioni nahamisha viti bila sababu. Leo niko karakanani, nimeiegemeza simu kwenye kopo la misumari. Mstari umelala. Mama amekwenda dukani, Redio ana mteja. Naogopa, sina jina jingine la hali hii.

Kisha mstari ukainuka kidogo, ukashuka. Ukainuka tena. Si ufagio huo, wala si taulo. Ni mkono wa mtu aliyelala, anaupunga taratibu kuelekea pampu kwa kuwa anajua natazama.

Nikaipungia simu. Mstari ukalala, nikaanza kungoja upya.