Kashiben Hayumo Jukwaani

Asubuhi baada ya tamthilia yake kuonyeshwa mjini Ahmedabad, India, Dhansukhbhai alijificha jikoni. Mtaa mzima ulikuwa umejazana ukumbini, na mtaa mzima ulimwona Jadavben, jirani wa mkono wa kulia, akiigizwa jinsi anavyodokoa achari za watu zilizoanikwa juani. Kwa hiyo mlango ulipobamizwa, mwandishi alijua arobaini zake zimefika.

Lakini aliyeingia hakuwa Jadavben. Alikuwa Kashiben, jirani wa mkono wa kushoto, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko pilipili. Alijitupa kwenye bembea ya kukalia iliyoning'inia sebuleni, akaanza kujisukuma kwa kidole cha mguu.

"Dhansukhbhai, toka huko! Nimekukosea nini mimi?"

"Dada, wewe sikukuandika hata neno!"

"Ndiyo hilo! Yule mdokozi umempa onyesho zima. Tangu alfajiri anatembea kwa maringo kama bibi harusi, anagawa pipi! Na mimi, niliyegombana na kila nyumba mpaka ng'ombe wa mtaani wananipisha njia, hata sauti yangu dirishani hukuiweka?"

"Niliogopa utakasirika."

Bembea ikasimama. "Kwa hiyo miaka yote hii nimegombana bure?"

Dhansukhbhai akatoka jikoni. Kashiben akainuka, akachomeka upindo wa sari kiunoni, akasafisha koo.

"Shika kalamu. Leo nagombana na wewe, na ole wako ukiruka hata neno moja."