Yai la Nani, Tumbo la Nani

Tulia alipomaliza kusema lililomleta, mama yake hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliweka kisu chini, akajifuta utomvu wa ndizi kwenye kitenge, kisha akauliza, "Inaingiaje?"

"Nini, mama?"

"Hiyo mimba. Unasema Atuganile akubebee mimba. Sawa. Mimi nauliza, inaingiaje tumboni mwake?"

Obed, mume wa Tulia, aliinuka ghafla kwenye benchi akasema anakwenda kuifunika pikipiki isilowe. Mvua haikuwa inanyesha. Ila kwa watu wa Kisondela, mwanamume hawezi kukaa na mama mkwe wake wakazungumzia mbegu za uzazi, hata awe mwalimu wa sekondari. Amoni, mume wa Atuganile, alimfuata nje bila hata kutafuta kisingizio. Wakabaki wanawake watatu jikoni: Tulinagwe na binti zake wawili.

Tulinagwe alijulikana kwa maswali. Siku bwana shamba alipokuja kuwafundisha kuunganisha miche ya maparachichi, alimuuliza mpaka yule bwana akasahau chai yake ikapoa. Mchungaji, kila alipomwona amenyoosha mkono kwenye mafundisho ya Biblia, alitazama saa kwanza. Hakuwa mbishi. Alitaka tu kujua jambo lilivyo kabla ya kulikubali.

Na hili la leo lilikuwa kubwa. Miaka michache iliyopita, Tulia alipata uchungu wa mtoto wake wa kwanza, kizazi kikapasuka. Mtoto hakuishi. Yeye aliponea chupuchupu, na kizazi kikatolewa. Tangu hapo alikuwa anashona nguo dukani kwake Makandana, lakini za watoto wachanga alizikataa. Mteja akija na kitambaa cha namna hiyo, anaelekezwa kwa fundi wa jirani.

"Obed amesikia kuna daktari anafanya," Tulia alisema. "Ni kama sindano tu. Atuganile amezaa watatu, hajawahi kusumbuka."

"Na wewe umesemaje?" Tulinagwe alimgeukia mdogo.

Atuganile alikuwa anamenya ndizi huku ameinama. "Ni dada yangu, mama. Nitakataaje?"

Jibu hilo lilimkaa Tulinagwe vibaya, ingawa hapohapo hakuweza kusema kwa nini. Alichosema ni kwamba hakuna mtu atakayekubali wala kukataa mpaka waende wote wakamsikie daktari.

Daktari Winfrida wa hospitali ya Makandana ndiye aliyekuwa akimwangalia Tulia tangu alipopata nafuu. Aliwapokea asubuhi yenye ukungu mzito, Tulinagwe akiwa amevaa sweta mbili. Obed alimsalimia daktari, akasema atasubiri nje. Mama mkwe wake akamshukuru kimoyomoyo.

"Nianze kwa kuwaambia kwamba hapa kwetu hatufanyi," daktari alisema. "Hayo yanafanyika kwenye kliniki maalumu, Dar es Salaam. Lakini kueleza naweza. Watu wanasema kubebeana mimba kana kwamba ni jambo moja. Ziko njia mbili, na hazifanani."

"Tuanze na hiyo ya sindano," alisema Tulinagwe.

Daktari alitabasamu. "Katika njia hiyo, anayebeba anatoa na yai. Yai lake linapokomaa, mbegu za baba zinawekwa kwenye kizazi chake kwa mrija mwembamba. Hawakutani kabisa kimwili. Mimba ikishika, mtoto ni wa damu ya yule baba, na wa damu ya yule aliyembeba."

"Kama ng'ombe wa Atuganile! Mtu wa mifugo alikuja na mrija, dume lenyewe hatukuliona mpaka leo."

"Mama!" Atuganile aliziba uso.

"Hajakosea," daktari alisema. "Inakaribiana. Njia ya pili, anayebeba hatoi yai. Yai linatoka kwa mama mwenye shida, mbegu zinatoka kwa mumewe, vinakutanishwa maabara. Kikishatunga kitu kidogo sana, hata kwa macho hukioni vizuri, ndipo kinapandikizwa kwenye kizazi cha anayebeba. Yeye anamlisha kwa damu yake, anamlea tumboni, anamzaa. Lakini mtoto hafanani naye. Anafanana na wale wawili."

Tulia alitikisa kichwa. "Hiyo hainihusu, daktari. Mimi sina kitu tena."

"Nani amekwambia huna?"

"Si kilitolewa?"

"Kizazi kilitolewa. Vifuko vya mayai viliachwa. Uliambiwa siku ile, lakini ulikuwa na maumivu, nadhani hukusikia. Mayai yako bado yanakomaa, Tulia, kama ya mwanamke yeyote wa umri wako. Yamekosa pa kwenda tu."

Tulia aliweka kiganja chini ya kitovu, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko aliodhani umetoboka. Miaka yote hiyo alijihesabu kuwa mtupu. Alisema tu, "Na Obed hajui."

Kumbe hakuna aliyejua. Walikuwa wanaelekea kwenye njia ya kwanza bila kujua kuna ya pili. Atuganile ndiye aliyelifikisha wazo mwisho. "Kwa hiyo ningefanya ile ya mrija," alisema polepole, "mtoto angekuwa wangu. Ningempa dada mwanangu."

"Wako na Obed," alisema daktari. "Ndiyo."

Tulinagwe aliuliza mengine mengi, na daktari hakumkatisha. Alieleza kwamba wako wanaobeba kwa malipo na wako wanaobeba kwa upendo, na nchi nyingine zinaruhusu hili zinakataza lile. Kwamba hapa nchini hajaona sheria inayolisema jambo hili waziwazi, na anayezaa ndiye anayehesabiwa mama, kwa hiyo wakitaka kuendelea wamwone mwanasheria mapema, kabla ya mimba. Kwamba njia ya pili ina sindano nyingi kwa wote wawili, ina gharama, na mara nyingi haishiki. Kwamba kila mimba ni hatari, hata kwa aliyezaa watatu salama.

Kisha Tulinagwe akavua sweta moja, akaikunja magotini.

"Nina swali la mwisho," alisema. "Mimi nilizaliwa na mama mdogo."

Tulia na Atuganile walitazamana.

"Mama mliyemjua nyinyi kama bibi yenu hakuzaa. Alikaa kwa baba bila mtoto, ndipo wazee wakamleta mdogo wake, Anyelwisye, akaolewa palepale ili amzalie dada yake. Ndivyo zamani ilivyokuwa. Akanizaa mimi. Nikalelewa na yule mkubwa, yeye nikamwita mama, aliyenizaa nikamwita mama mdogo. Niliambiwa nikiwa mtu mzima, kwenye msiba. Sasa daktari, huyu Anyelwisye, kwenye njia zenu hizi mbili, yuko wapi?"

Daktari Winfrida alifikiri. "Yai lake, tumbo lake. Yuko karibu na ile ya kwanza, mama, ila mrija haukuwepo. Lakini siku hizi sisi, kabla ya mrija na kabla ya sindano, tunaanza na jambo moja. Tunamkalisha anayebeba peke yake, tunamuuliza kama anataka. Yeye aliulizwa?"

Katika maswali yote Tulinagwe aliyowahi kuuliza maishani, hilo hakuwahi kuliuliza.

Hakulala vizuri mpaka alipopanda bodaboda kwenda upande wa juu wa Kisondela, kwa mjomba wake Abrahamu, kaka mdogo wa wale mama zake wawili, mtu pekee aliyebaki wa rika lile. Alimkuta anaota jua ukutani, miguu imefunikwa blanketi. Walisalimiana kwa Kinyakyusa, wakaulizana habari za migomba na za afya, ndipo akamweleza kilichomleta.

"Kuulizwa?" Mzee alicheka bila sauti. "Nani alikuwa anamuuliza msichana enzi zile? Aliambiwa msindikize dada yako na mzigo wake. Alipofika akaambiwa mzigo utue na wewe ukae."

Tulinagwe aliinamisha kichwa. Alimwona mama yake mdogo kama alivyomjua: mwembamba, mkimya, anayesimama mlangoni mtoto akiogeshwa na mwingine.

"Lakini subiri," mzee aliendelea. "Ulipoanza kutembea, baba yetu, babu yako, alitaka kumrudisha nyumbani. Alishapata mtu mwingine wa kumwoa, mtu mzuri tu. Tukaenda kumchukua, hata mimi nilikuwepo. Akakataa. Alikaa chini mlangoni, akasema mkinibeba nitarudi, mkinifunga nitakata kamba. Baba alikasirika sana. Tukarudi mikono mitupu."

"Alimkataa mume kwa sababu yangu?"

"Hakutaja sababu. Na sisi hatukumuuliza." Abrahamu alivuta blanketi. "Hata hilo hatukumuuliza."

Siku zote Tulinagwe alidhani Anyelwisye alibaki pale kwa kuwa hakuwa na pengine. Aliteremka mlima kwa miguu, akamwacha mwenye bodaboda aende zake, maana alihitaji njia ndefu ya kulifikiria jambo hilo.

Alimkuta Atuganile anakata majani ya ng'ombe. Akashika panga jingine, akakata naye kwa muda, kisha akasema, "Nataka kukuuliza, na jibu liwe lako. Si la dada yako, si la Amoni, si langu. Unataka?"

Atuganile aliendelea kukata. "Nikisema sitaki?"

"Nitamwambia Tulia mimi mwenyewe, na hakuna mtu atakayekunyooshea kidole nikiwa hai."

Atuganile alisimama wima. Jasho lilimtiririka, au pengine yalikuwa machozi. Mama yake hakuchungulia. "Kubeba, nitabeba," alisema. "Nimefikiri tangu tulipotoka hospitali. Mimba inanipenda, na dada nampenda. Lakini yai langu sitoi. Nimwone mwanangu kila Jumapili kanisani ananiita mama mdogo? Hapana, mama. Ile ya pili, ndiyo. Ile ya kwanza, hata wanililie."

"Basi utamwambia hivyohivyo. Mimi nitakaa pembeni."

Tulia aliposikia, hakulia hata kidogo. Alisema, "Na mimi nisingeweza. Kila nikimtazama mtoto ningekuwa nakutazama wewe." Wakakumbatiana, wakaanza kucheka jinsi walivyokuwa karibu kuingia shimoni wote wawili kwa kuoneana haya. Aliyechukua muda ni Amoni. Aliogopa watu watasemaje mkewe akivimba tumbo kwa mimba isiyo yake. Obed ndiye aliyekaa naye nje, wanaume wawili peke yao, akamweleza lile la mayai vizuri kuliko alivyowahi kufundisha darasani. Mwishowe Amoni alikubali, kwa sharti kwamba kila Atuganile atakapokwenda Dar es Salaam, yeye yuko kwenye basi hilohilo.

Walimwona mwanasheria Mbeya. Walikwenda Dar es Salaam, Tulia akachomwa sindano, mayai yakachukuliwa. Mara ya kwanza haikushika, na Atuganile alilia kuliko dada yake, akidhani ni tumbo lake lililokosea. Mara ya pili ilishika.

Hapo Tulinagwe akawa mwalimu wa watu wote. Kanisani, kisimani, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, popote alipoulizwa alieleza: yai la Tulia, mbegu za Obed, tumbo la Atuganile. Wengine walitikisa vichwa, wengine walitaka arudie. Siku moja sokoni Tukuyu alikuwa anamweleza Mwanaheri, mfanyabiashara aliyemnunulia ndizi kwa miaka mingi. Mwanaheri alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kwa dini yake masheikh wengi hawalikubali jambo hili, lakini yeye si wa kumhukumu mtu. Kisha akauliza, "Na maziwa, mama Tulia? Akizaliwa ananyonya kwa nani? Maana kwetu sisi, ziwa peke yake linafunga udugu."

Tulinagwe alilitua chini fungu la ndizi. "Hilo," alisema, "sikuuliza." Akatoa simu palepale, akampigia Daktari Winfrida.

Daktari alisema hakuna njia moja. Waamue wale wawili. Wakaamua Atuganile anyonyeshe majuma ya mwanzo, nyumbani kwa Tulia, kisha arudi kwake. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye masikio ya Obed yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria. Tulia alikuwa wa kwanza kumpakata. Atuganile alikaa Makandana kama walivyopanga, akinyonyesha huku dada yake akishona vinguo vidogo mezani, na siku ilipofika akafunga mzigo wake.

Tulinagwe alikuja kumsindikiza. Walitembea mpaka nyumba za mjini zilipokwisha na migomba ikaanza. Mbele ya gauni la Atuganile palikuwa pamelowa.

"Inauma?" mama yake aliuliza.

"Kwenye maziwa inauma. Moyoni bado sijui."

"Ukijua, utaniambia?"

"Nitakuambia," alisema Atuganile, akamshika mama yake mkono kwenye mteremko wenye utelezi.