Plagi Hizi Hazipiti kwenye Rula

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi ni mbishi. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye ndiye mwenye gereji, anasema ngumi zenyewe sijazikunjua mpaka leo. Sawa. Lakini siku ile ya kilima sikubisha kwa sababu napenda kubisha. Nilikuwa nataka meza.

Gereji yetu ina meza mbili za ufundi. Ya kwanza ni ya mjomba. Ya pili ilikuwa ya fundi aliyehama, ikabaki imerundikwa makopo ya rangi na viti vya gari vilivyochanika. Mimi niliwekwa kaunta kuuza oili na balbu, ingawa mikono yangu inaijua injini kuliko inavyoijua chenji. Kila nikiomba ile meza, mjomba ananijibu, "Subiri, mwanangu, haraka haraka haina baraka." Nimesubiri mpaka subira yenyewe ikaota mvi.

Ndipo akaja Matangi. Ni muuza maji, mpole, na tunamwita hivyo kwa sababu pikapu yake huioni bila matangi mgongoni. Wateja wake wanakaa juu ya kilima kinachoanzia mbele ya gereji yetu, na kila siku pikapu ikifika nusu ya mlima inaanza kuhema. Kununua gari jingine hakuweza, ila alikuwa amepata turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, kwenye injini chakavu, akataka ifungwe kwenye yake ya petroli.

"Mimi siwezi kumvisha mbuzi pembe za ng'ombe," mjomba akamwambia.

"Nitaifunga mimi," nikasema kutoka kaunta.

Mchomeleaji wetu, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki tangu asubuhi, akazima mashine yake ili asikie vizuri.

"Wewe?" mjomba akauliza.

"Mimi."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Haya, funga. Ikipanda kilima na matangi yamejaa, bila kumisi, yaani injini isikohoe hata mara moja, meza ya pili ni yako. Ikimisi, unarudi kaunta, na nisisikie tena habari ya meza."

"Redio, umesikia?" nikauliza.

"Mimi na ukuta huu ni mashahidi," Redio akasema, na kweli alikuwa na furaha ya mtu aliyeletewa sinema nyumbani.

Nikaifunga. Habari za mabomba na vibanio niziache, zitawachosha. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye plagi. Nilipoijaribu barabara ya tambarare na plagi zake za zamani, ikavuta vizuri, lakini nilipozichomoa ncha zilikuwa nyeupe kama chaki, na vidoadoa juu yake. Zilikuwa zinaungua. Nikaenda dukani kutafuta zile tunazoziita plagi baridi.

"Baridi?" mjomba akacheka. "Unazitoa kwenye friji?"

"Cheka tu. Hizi hazikai na joto, zinalisukuma haraka kwenye kichwa cha injini. Turbo ina moto wa kutosha, haihitaji kuongezewa."

Baada ya hapo ikabaki nafasi, yaani ule mwanya mdogo kwenye ncha ya plagi ambao cheche inauruka. Na hapo ndipo ilipokuwa shughuli, kwa sababu ya rula.

Marehemu babu, aliyeifungua gereji hii, aliacha kipande cha rula ya chuma. Kinaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya mjomba. Gari haitoki kwetu mpaka mwenye gereji azichomoe plagi kwa mkono wake na kukipitisha kile kipande kwenye mwanya wa kila moja. Kikipita vizuri, nenda salama. Kisipopita, anaupanua mwanya mpaka kipite. Hata kama fundi mwingine ameshapima, mwenye gereji lazima apitishe rula. Wateja wanapenda, wengine wanaleta na watoto kuangalia. Na kwa gari za kawaida rula ya babu haijawahi kukosea, hilo sibishi.

Lakini turbo inashindilia hewa ndani ya silinda, na hewa ikishindiliwa cheche inapata taabu kuruka. Ukiiachia mwanya mpana inazimika, kama kiberiti kwenye upepo. Kwa hiyo nikachukua vibamba vyangu vya kupimia, nikaugonga taratibu ule mguu wa pembeni wa kila plagi mpaka mwanya ukawa mdogo, kama theluthi mbili ya unene wa rula. Nikazifunga. Jioni nikamwendea mjomba kabisa.

"Mjomba, plagi hizi hazipiti kwenye rula."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiyesikia je? Huvunja injini ya Matangi?"

Akasonya, akafunga droo yake. "Sawa," akasema.

Na mimi, mjinga, nikaiamini hiyo sawa. Kesho yake asubuhi nikaangalia oili, nikamsalimu, nikaenda nyumbani kunywa chai. Niliporudi matangi yalikuwa yamejaa, boneti imefungwa, watu wamesimama langoni. Mjomba akapanda kando yangu kama shahidi. Matangi akabaki chini na Redio, mikono kichwani.

Tambarare tulikwenda kama kawaida. Tulipoanza kupanda nikakanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi wake, pikapu ikavuta mpaka nikatabasamu peke yangu. Kisha, kwenye kona ya kwanza, pu! Pu-pu! Gari zima likatikisika. Nikilegeza mguu inatulia, nikikanyaga inakohoa upya. Lori nyuma yetu likapiga honi kwa matusi. Nikaegesha pembeni, nikaweka jiwe chini ya gurudumu.

"Nilikwambia," mjomba akasema, bila kunitazama.

Nilifungua boneti, nikatoa koili inayoipa umeme plagi ya silinda ya kwanza, nikaifungua plagi kwa spana na kuishika kwa kitambaa. Sikuhitaji hata kupima. Mwanya ulikuwa wazi, rula ya babu ingepita pale ikiimba.

"Mjomba, umezigusa."

Akashuka polepole. "Nilizikuta zimebanwa," akasema. "Nikajua ni ukaidi wako tu. Nikasema, mtoto wa dada yangu asije akaaibika mbele ya watu. Nilikusaidia."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Na kibaya zaidi, nilijua hadanganyi. Alikuwa ameacha kazi zake kwa ajili yangu, akachafua mikono yake ili kuniokoa. Adui ningejua la kumfanya. Mtu anayekuharibia kwa mapenzi unamfanya nini?

"Shika kitambaa," nikamwambia.

"Nini?"

"Shika kitambaa, mjomba."

Akakishika. Nikazitoa zote nne, zingali za moto, nikaungua vidole viwili na sikulia. Nikapima, nikagonga, nikapima tena. "Ndogo mno hiyo," akanong'ona kwenye ya pili. Sikumtazama. Kwenye ya nne alikuwa ameinama, anaangalia kibamba kinavyoingia.

Tulipokuwa tunafunga boneti akanigusa bega. "Tukirudi tuseme ni vumbi kwenye mafuta. Yaishe."

"Yaishe yaende wapi?" nikasema, nikawasha gari.

Ikapanda. Wallahi ilipanda! Ile kona tuliyokwama tuliipita kwa kasi, ya pili nayo, matangi yamejaa pomoni, na injini haikukohoa hata kidogo. Juu tukakuta watu na ndoo zao, wakashangaa maji yamewahi. Nilipiga kelele kwa furaha peke yangu, maana mjomba alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Tuliporudi, Matangi alinikumbatia mpaka nikanusa maji na petroli. Redio yeye alikuwa na swali lake. "Mbona tumewaona mmesimama pale kwenye kona?"

"Vumbi," mjomba akadakia. "Vumbi kwenye mafuta. Imefika, ndiyo, lakini imemisi. Na tulikubaliana bila kumisi. Tutaangalia tena siku nyingine, mwanangu. Kaunta haina ubaya."

Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Nilijua nikinyamaza, basi: kesho nauza balbu, na mwakani nauza balbu, na kila mtu atakumbuka kwamba injini yangu ilikohoa.

"Si vumbi," nikasema kwa sauti. "Plagi zangu zilikuwa sawa. Mjomba alizipanua kwa rula nilipokwenda kunywa chai."

Hata Redio alizimika.

"Unanitia aibu mbele ya wateja wangu?" mjomba akauliza.

"Nasema kilichotokea."

"Huna adabu!"

"Adabu ninayo. Shikamoo nakupa kila asubuhi, na kesho nitakupa. Lakini nilichokifunga kilikuwa sawa, na meza ni yangu."

"Toka kwenye gereji yangu!"

"Sitoki ng'o."

Nikaingia ndani. Nikashusha makopo ya rangi, nikavuta vile viti vibovu mpaka nje, nikatafuta tambara na kuanza kufuta meza ya pili. Nilimsikia amesimama nyuma yangu, anapumua.

"Nikutoe kwa nguvu?"

"Nitoe."

Hakunitoa. Akaenda mlangoni, akapiga simu, na mtu mwenye sauti kama ya mjomba hawezi kuongea kwa siri.

"Dada, mwanao amenivunjia heshima leo. Mbele ya watu wote! ... Ndiyo, imepanda. ... Ndiyo, ni mimi niliyezigusa." Akaihamishia simu sikio la pili. "Nimfukuze? Dada, una akili kweli? Nikimfukuza, hizi za turbo mimi nitajifunza kwa nani?"

Nililia pale pale, nimewapa mgongo, huku naendelea kufuta. Meza ilikuwa na rangi iliyoganda ya miaka, na sikuiacha mpaka ikatoka.